Mama Alikata Migomba Themanini Nasi Tukamwita Kichaa

Mama yangu alikata migomba themanini na tatu kwa siku tisa.

Na si ile mizee iliyokwisha kuvunwa. Alikata yenye mikungu mibichi, vidole bado vyembamba, ile ya kungojewa miezi miwili ndio broka aje na lori.

Kila akiangusha mmoja, anachuchumaa pale pale kwenye shina. Anageuza uso kuelekea nyumbani, anatulia karibu dakika nzima akitazama. Halafu anainuka, anaenda kukata mwingine.

Alifanya hivyo alfajiri tu. Jua likishapanda anaosha panga, anapika chai, anakaa kimya kama mtu ambaye hajafanya kitu.

Wueh! Kama wewe si mtu wa kwetu Mitunguu, tunakoishi kwa ndizi, huenda usielewe. Kwetu mtu anaweza kukutukana mkasameheana, lakini ukionekana umekata mgomba wenye mkungu mchanga, watu wanaanza kunong'ona. Ukikata kumi, wanaita pasta.

Naitwa Gatwiri. Nina miaka arobaini na nne. Nafundisha shule moja ya upili Embu mjini, na kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa mwalimu wa nidhamu. Wanafunzi wananiita Jaji. Wanadhani sijui.

Niseme ukweli: hilo jina nilikuwa nalipenda.

Mwanafunzi akichelewa namuuliza, "Kwa nini umechelewa?" Akifungua mdomo tu nishamwambia alipo na makosa. Sijawahi kungoja jibu hata siku moja. Nilidhani ndio ukali, na nilidhani ukali ndio kazi.

Sasa sikilizeni yaliyonipata.

Ndugu yangu Mutugi, anayenifuata kwa kuzaliwa, ndiye alinipigia. Yeye anaishi hapo nyumbani, boma moja na mama.

"Gatwiri, kuja. Mama ameharibika."

"Ameharibika aje?"

"Anakata ndizi. Mbichi. Anakata halafu anachuchumaa kama mtu anaenda haja. Majirani wameona. Nimeaibika mpaka siendi sokoni."

Damu ikanichemka. Si huruma, hapana. Hasira. Kwa sababu mimi nilidhani najua ni nini.

Ngoja niwaeleze. Mwezi wa kwanza mimi na Mutugi tulikubaliana kumjengea mama nyumba ya mawe. Baba alishafariki, na mama alikuwa bado anapika kwenye lile jiko la zamani la mbao, limeinama upande mmoja, moshi kila mahali. Tukaleta fundi akapima. Nyumba ingekaa pale jikoni palipo na kushuka kidogo kwenye migomba. Eskaveta ingekuja Alhamisi ya mwisho wa mwezi wa tatu kubomoa jiko na kuchimba msingi.

Tulipomwambia mama alisema, "Asanteni. Lakini pale chini kwa migomba..."

Nikamkatiza. "Mama, fundi ameshapima. Usianze."

Hakuanza.

Wiki mbili baadaye akanipigia simu nikiwa kwenye kikao cha walimu. Nikatoka nje.

"Gatwiri, kuna kitu nataka kukuambia. Sijui kama ni vizuri nikuambie."

"Mama, ni mambo ya nyumba tena?"

"Ni mambo ya pale."

"Mama, niko kikao. Nyumba itajengwa. Watu wanaomba watoto wao wawafanyie hivi, wewe unaleta maneno."

"Basi," akasema. "Fanya kazi."

Hiyo "basi" ya mama nimeikumbuka mara nyingi sana tangu hapo.

Kwa hivyo Mutugi aliponiambia anakata migomba, nikajiambia ni ukaidi. Hataki nyumba, anatukomoa. Mutugi yeye alisema ni ule ugonjwa wa wazee wa kusahau. Pasta alisema kuna kitu kimemwingia, kwa sababu kama akili yake ni nzima, kwa nini afanye alfajiri tu?

Kila mtu alikuwa na jibu. Ukiniuliza leo ni nani kati yetu aliuliza swali, sina mtu wa kukuonyesha.

Lakini aliyeangalia vizuri yupo mmoja. Mukiri, jirani yetu wa upande wa chini. Huyo mama ana domo, na sikuwahi kumpenda. Alinikuta langoni siku niliyofika akaniambia, "Mwalimu, mama yako hakati ovyo ovyo. Anafuata mstari."

Nikamwambia, "Mama Mukiri, tuachie mambo ya familia yetu."

Asubuhi ya siku ya tisa niliamka kabla ya kupambazuka. Mama alikuwa ashatoka. Nikashuka na simu mkononi. Nilitaka kumrekodi, nipate cha kumwonyesha daktari, asije akatugeukia akisema tunamsingizia.

Ndiyo. Mama yangu mzazi. Nilimrekodi kama ushahidi.

Mlima mkubwa unaoonekana kutoka kwetu ulikuwa wazi, hakuna wingu. Mama alikuwa karibu na bomba la kunyunyizia maji. Akaangusha mgomba, akachuchumaa, akatazama juu kuelekea jikoni. Akasogea hatua mbili kushoto, akachuchumaa tena.

Hapo nikaanza kupiga kelele. "Mama, hii ni nini unafanya? Kwa nini unatuaibisha hivi? Unajua mkungu mmoja ni kazi ya mwaka mzima? Unajua majirani wanasema nini? Unanisikia? Kwa nini hutaki kutuambia?"

Mutugi akaja mbio akamnyang'anya panga.

Mama hakupigana na yeye kuhusu panga. Alishika ardhi. Aliingiza vidole vya mikono yote miwili kwenye udongo akashikilia, na tulipomwinua, kucha zake zilikuwa zimevunjika.

Sijawahi kusikia mama akilia kwa sauti. Hata kwa matanga ya baba hakulia hivyo.

Tukamweka kwenye gari yangu, kaVitz kangu, tukampeleka hospitali Embu. Njia nzima hakusema neno.

Walimlaza. Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili hakula. Alilala akiangalia ukuta, amekunja miguu, ukimgusa anajikunja zaidi. Dawa alimeza, chakula hapana. Mama mwenyewe si mtu wa mwili, na kwa siku mbili macho yalikuwa yameingia ndani.

Daktari alituambia wazi. Akiendelea hivi hatavumilia, na akili yake haiwezi kupimwa vizuri kama haongei. Kuna fomu za kumhamishia wadi nyingine, ile ya wagonjwa wa akili. Familia iseme.

Mutugi akasema kwa simu, "Weka sahihi, Gatwiri. Mimi niko na mambo ya eskaveta hapa."

Nilikaa kwenye benchi na hiyo fomu, kalamu mkononi. Nilikuwa nimechoka mpaka nasikia mlio masikioni. Nilikuwa nikimwomba Mungu, lakini hata maombi yenyewe yalikuwa ya kugombana. Namwambia, kwa nini mama yangu? Alikosa nini? Sikuwa nangoja jibu hata kwa Mungu.

Hiyo ilikuwa Alhamisi, kama saa mbili na nusu asubuhi.

Nesi akaja kujaza faili. Mwanamke wa makamo, mpole, kibandiko cha jina kimeandikwa Cicily. Akaketi kando yangu.

"Mwalimu, nisaidie kidogo. Huwa anakata migomba yote ama anachagua?"

"Sijui. Anakata tu."

"Alianzia wapi?"

"Sijui."

"Akishakata, anafanya nini?"

"Anachuchumaa. Anaangalia nyumbani."

"Anaangalia nini nyumbani?"

Nikamwangalia. "Sijui, sista."

Akaandika kitu. "Mmemuuliza?"

"Tumemuuliza mpaka tumechoka! Mimi mwenyewe nimemuuliza kwa nini mara mia!"

Hakupandisha sauti. Aliniuliza kama mtu anayeuliza saa. "Ulimuuliza, ama ulimgombeza?"

Ningekuwa shuleni ningemjibu vibaya. Lakini hapo niliinamisha macho. Nikaangalia ile fomu. Nikaikunja nikaiweka kwenye mkoba.

Nikaingia wadini. Nikavuta kiti, sikukaa upande wa mgongo wake. Nilizunguka nikakaa kule anakoangalia, kati ya kitanda na ukuta, magoti yangu yanagusa chuma.

Nikamwambia, "Mama, sijakuja kukugombeza. Nataka tu kujua. Ukichuchumaa pale, huwa unaangalia nini?"

Alikunja miguu zaidi.

Midomo yangu ilikuwa inawashwa kuongea. Nilitaka kusema nijibu basi, watu wanahangaika. Nikauma ulimi. Haki ya Mungu niliuma ulimi.

Sijui ni dakika ngapi. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikohoa, akalala, akakohoa tena.

"Mlima," mama akasema.

Sauti ilikuwa kavu kabisa.

"Mlima, mama?"

"Ncha yake. Juu ya paa la jikoni." Akameza mate. "Nilipochuchumaa siku ile, ncha ilikuwa imetokeza juu ya paa, hivi tu." Akaonyesha kwa kidole, ukubwa wa ukucha. "Ukisogea mbele, paa linaificha. Ukirudi nyuma, unaona mlima mwingi. Ni mahali pamoja tu unaona ncha peke yake, juu ya mlango wa nyuma. Ndizi zilikuwa nne tu wakati huo. Sasa zimejaa, sioni chochote. Ndiyo nakata. Na mlima unaonekana asubuhi tu, baadaye mawingu yanafunika."

Alfajiri. Kuchuchumaa. Mstari. Kila kitu tulichokiita wazimu alikuwa anapima.

"Unatafuta nini pale, mama?"

Alifunga macho. "Nyanya yako alinikanya nisikuambie."

Nikangoja.

"Mlikuwa wawili," akasema.

Sikuelewa. Halafu nikaelewa.

"Ulitoka wewe, ukalia. Akatoka mwenzako, hakulia. Msichana pia. Hakuna hospitali, hakuna nani, ni mimi na mama ya baba yako. Akamfunga kwa leso. Akaniambia nikamzike mwenyewe chini ya mgomba nyuma ya jikoni, nisilie, nisimwekee alama ya kuonekana, na nisimtaje kamwe mbele yako. Alisema nikimtaja atakuita umfuate."

Machozi yake yalikuwa yanateremka pembeni yanaingia sikioni. Mimi yangu sikujua hata yameanza saa ngapi.

"Nilimzika na kale kajiwe kadogo ka kusagia. Nilimwekea juu, fisi wasimfukue."

Kajiwe! Nimekua nikiona lile jiwe kubwa la kusagia jikoni, halina mwenzake wa kushikwa mkononi. Mama alikuwa anasagia na jiwe la kuokota mtoni. Nikiwa mdogo niliwahi kumuuliza kadogo kako wapi, akaniambia kalipotea.

"Nilidhani mgomba utanionyesha," akasema. "Lakini mgomba hutembea, Gatwiri. Mama mtu anakufa, mtoto anaota kando, na mjukuu kando zaidi. Miaka arobaini na nne. Ule wenyewe sijui ulienda wapi. Na nyinyi mnaleta ile mashine. Itamchota na udongo, imwage kwa lori, apelekwe wapi? Mtoto wangu atamwagwa wapi?"

"Mbona hukuniambia, mama?"

Hata hiyo nilitaka kuirudisha ikishatoka. Nilikuwa najua mbona.

Lakini yeye alijibu vizuri tu. "Nilijaribu. Halafu naogopa, naona afadhali ukinikatiza. Kama ningekuambia ukafa, je?" Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. "Lakini sasa umekuwa mzee. Nadhani hatakuita tena."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, kama mtoto mjinga.

Kisha akasema kitu kilichonimaliza. "Asubuhi ile mlinishika, nilikuwa nimempata. Ncha ilikuwa pale pale. Nilikuwa nimefika."

Ndio maana alishika udongo.

Halafu nikakumbuka leo ni siku gani.

Nikatoka mbio mpaka nje. Nikampigia Mutugi. Simu inaita, hapokei. Tena. Tena. Mara kumi na mbili. Nilijua kwa nini: eskaveta ikinguruma, mtu hawezi kusikia simu mfukoni.

Nikapitia majina kwa simu, nikafika kwa Mukiri. Huyo huyo niliyemwambia atuachie mambo ya familia yetu.

Alipokea mlio wa kwanza.

"Mama Mukiri, nakuomba. Nenda kwetu sasa hivi. Simamisha ile mashine. Usiache ichimbe kwa migomba. Nitakueleza, lakini sina—"

"Kwa migomba ama kwa jiko? Kwa sababu jiko nimesikia likianguka sasa hivi."

"Kwa migomba! Tafadhali!"

"Naenda," akasema, na akakata.

Hakuniuliza kwa nini. Sikuwa hata nimemwomba samahani huyo mama, na alienda.

Nikamwambia Cicily, "Sista, kaa naye." Nikaingia kwa gari. Embu, Chuka, kona baada ya kona, nikashuka Mitunguu sijui nimeendeshaje. Nilikuwa naongea peke yangu njia nzima. Nilikuwa naongea na mtu ambaye sijawahi kumwona, namwambia, usiende, ngoja, nakuja.

Nilipofika, eskaveta ilikuwa imezimwa. Mbele ya ndoo yake, kwenye udongo, Mukiri alikuwa ameketi na kiondo mapajani, anasuka. Dereva amesimama kando ameshika kiuno. Mutugi amevimba kwa hasira.

"Gatwiri! Mwambie huyu mama atoke! Amekaa hapa masaa mawili anasema ni wewe umemtuma!"

"Ni mimi nimemtuma."

Nikamwambia Mutugi kila kitu, hapo hapo, mbele ya dereva. Nilimwona akibadilika uso. Alikaa chini polepole kwenye udongo akashika kichwa.

"Mimi ndiye nilimnyang'anya panga," akasema.

"Na mimi ndiye nilikuwa napiga kelele."

Lakini huzuni haingetusaidia. Tuliangalia mahali pale. Jiko lilikuwa rundo la mbao na mabati. Paa halipo, mlango haupo. Mlima wenyewe ulikuwa umeshafunikwa na mawingu. Na ile migomba iliyobaki vijana wa kazi walikuwa wameifyeka yote tangu asubuhi, wakaburuta na mashina. Pale mama alipochimba kwa vidole palikuwa pamekanyagwa na matairi. Kila mahali palifanana.

Alikuwa amempata baada ya miaka arobaini na nne, na sisi tukampoteza kwa siku mbili.

Mutugi akauliza, "Alikuwa wapi tulipomshika? Hapa? Ama pale?"

"Karibu na bomba."

"Karibu gani? Hatua ngapi?"

Sikumbuki. Nilikuwa na hasira, sikuwa naangalia ardhi.

Ndipo Mukiri akasema, "Mwalimu, si ulikuwa unapiga video?"

Nikatoa simu. Ile video nilikuwa nimemwonyesha daktari, nimeituma kwa kundi la familia, nimeitazama mara nyingi. Lakini kila mara nilizima sauti, kwa sababu sikupenda kusikia nilivyokuwa napayuka.

Tukasimama watu watatu, na dereva, tukainamia simu. Bomba lilionekana. Tangi la maji nyuma yake lilionekana. Mutugi akaanza kupima kwa macho. Lakini mama alichuchumaa mara mbili, na mkono wangu ulikuwa unatetemeka, picha inaruka.

"Ni ya kwanza ama ya pili?" Mutugi akauliza.

"Weka sauti," Mukiri akasema.

Nikaweka sauti.

Ikatoka sauti yangu. Mungu wangu. Kali, nyembamba, haipumui. Unatuaibisha. Majirani wanasema nini. Unanisikia? Kwa nini hutaki kutuambia?

Na chini ya sauti yangu, kuna nyingine.

Nikairudisha. Nikaweka simu karibu na sikio. Mama amechuchumaa mara ya pili, mkono mmoja umegusa udongo, amegeuza uso kunitazama. Mdomo unatembea.

"Ni hapa. Gatwiri, ni hapa. Ni hapa."

Mara tatu. Alikuwa ananiambia. Aliogopa miaka arobaini na nne, na alipompata tu, woga ukamtoka akaniambia mimi, na mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake nikimuuliza kwa nini hataki kuniambia.

Nilianguka magoti pale pale. Mukiri akanishika bega.

Mutugi alipima kutoka kwa bomba akifuata video, akasimama mahali. Hatukutumia mashine. Tulichimba kwa jembe dogo, halafu kwa mikono. Chini karibu urefu wa mkono, vidole vyangu vikagusa kitu laini, baridi, kimechongeka upande mmoja kwa kusagia.

Kajiwe.

Hatukuchimba zaidi. Tulikaa tu pale tukikaangalia.

Nikampigia Cicily kwa video. Akashika simu mbele ya uso wa mama. Nikaelekeza kamera chini.

Mama alitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ni Kendi. Nilimpa jina moyoni tu. Anaitwa Kendi."

Nikasikia Cicily akimuuliza kitu kwa sauti ya chini, na mama akijibu. Halafu nesi akarudi kwa simu, macho mekundu.

"Mwalimu," akasema, "ameomba uji."

Mama alirudi nyumbani wiki iliyofuata. Nyumba tumeisogeza juu, fundi alinung'unika mpaka akachoka. Pale chini tumepanda mgomba mmoja, na kajiwe tumekarudisha. Ile fomu niliitoa kwenye mkoba nikaichana siku tulipomtoa hospitalini.

Jumatatu niliporudi shuleni, msichana wa kidato cha pili alichelewa. Nikamuuliza, "Kwa nini umechelewa?" Akainamisha kichwa, akangoja nianze. Sikuanza. Nikavuta kiti nikakaa. Alichukua muda mrefu sana kuniamini, na aliyoniambia ni yake, siwezi kuyaandika hapa.

Ndugu yangu unayesoma, sina mengi. Kama kuna mtu nyumbani kwako anafanya mambo usiyoyaelewa, kabla hujamwita kichaa ama mkaidi, muulize anaangalia nini. Halafu ufunge mdomo mpaka ajibu.

Video bado ninayo. Mutugi aliniambia niifute, nikakataa. Siku nikijiona nimeanza kuwa Jaji tena naifungua, naweka sauti, na namsikiliza mama akiniambia ni hapa, na mimi nikimpigia kelele.